Bushi Mpya, Pini Kuukuu

Pale karakana walimwita Milimita, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa mkerezaji wa vyuma na mama wa mapacha wa kike. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga bushi za mitambo ya kuchoronga miamba, zile pete nene za shaba zinazokaa kwenye maungio ya mkono wa mtambo ili pini izunguke ndani yake bila chuma kula chuma.

Mumewe aliendesha mtambo mmojawapo mgodini. Kwa hiyo bushi ilipolika kabla ya wakati wake, lawama hazikupitia kwa bosi. Zilifika moja kwa moja mezani.

"Mama Pacha, safari hii umetupiga," alisema akinawa mikono. "Mkono unacheza kama jino bovu. Mashimo yanakwenda upande."

"Bushi yangu haichezi."

"Basi nacheza mimi."

Watoto wakacheka. Mama yao alikuwa mbali, anarudia kichwani kila kipimo alichochukua, na hakuona alipoteleza.

"Kesho nakuja kuiona," alisema.

"Mbele ya wenzangu?"

"Mbele ya wenzako."

Akaenda kweli, kofia ngumu ikimpwaya, akaomba mkono ushushwe na pini ichomolewe. Wachorongaji walisogea kutazama ugomvi wa nyumbani bila kiingilio. Bushi ilikuwa imelika, lakini upande mmoja tu. Akaipapasa pini polepole, kisha akamshika mumewe kidole na kukipitisha palepale.

"Unasikia nini?"

"Kama... bonde."

"Pini hii ni ya zamani?"

Mumewe akakuna shingo. "Nilimwambia fundi airudishe ileile. Tulikuwa na haraka, Mama Pacha."

"Baba Pacha! Hata ningekuchongea bushi ya almasi, kwa pini hii ingelika."

Kicheko kililipuka. Alipomwona mumewe anatafuta pa kuweka uso, alidakia haraka: "Na mimi sikuuliza habari za pini. Tumekosa wote."

Alirudi karakana akachonga vyote viwili. Pini aliichoma mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye oili iwe ngumu. Siku ya kufunga, iliingia kwenye bushi kwa kusukumwa na kidole gumba tu, ikipumua hewa taratibu. Mumewe alipaka grisi mwenyewe, akapanda, akawasha. Mkono uliinuka, ukaegemea mwamba, ukatulia tuli. Shimo la kwanza likatoka limenyooka. Akamwonyesha mkewe dole gumba kupitia kioo, na mkewe akajikuta anatabasamu peke yake kama bibi harusi.

Tangu hapo hakuna mteja aliyepata bushi kwake kabla hajaleta pini. Wapo walionuna. Juzi msimamizi wa mgodi mwingine alikuja mikono mitupu, akalalamika kwamba barabara ni mbovu na mtambo umesimama.

"Pole sana, kaka," Milimita alimjibu huku akizima mashine. "Kunywa chai kwanza, halafu ukanichukulie pini."