Pikapu Iliyozibwa kwa Nta

Sisi tuliokulia Kasulu enzi zile hatukuhitaji kuambiwa nani ameondoka na nani amerudi. Tulisikia. Magari yalikuwa machache, tukayajua kwa sauti, kila moja na kikohozi chake. Letu lilikuwa pikapu ya kijani iliyochakaa, yenye harufu ya petroli, vumbi na mihogo mikavu, na sisi watoto tuliionea fahari kana kwamba tuliiunda wenyewe.

Baba alibeba mazao ya watu wa kijiji cha Kitanga kuyapeleka Kibondo. Barabara yenyewe ilipita katikati ya pori, na porini kulikuwa na majambazi wenye bunduki. Ndiyo maana magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Gari likizimika njiani, msafara hausubiri. Kila mtoto wa mtaa wetu alilijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Asubuhi za msafara nilimwona Mama akikaza kanga kiunoni.

Basi pikapu ikaanza kumisi, injini ikikatakata moto. Ilirudi mchana mmoja inatetemeka kama mwenye homa, ikafika uani, na bomba la moshi likalia pa! Jirani yetu Mama Nepo, aliyekimbia vita Burundi, aliacha mwiko ndani ya ugali, akakusanya watoto wake na kutokomea migombani. Aliporudi jasho lilikuwa linamtoka.

"Mtanisamehe," akasema. "Miguu imekwenda yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Siku ya pili yake Baba alikuwa asafiri, na wote tulikuwa tumeisikia ile sauti.

Baba alikuwa na namna yake ya kupima injini. Mimi nilikaa kwenye usukani, nikikanyaga mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya kidole cha mguu. Yeye, kwa kitambaa kikavu, alichomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kwa kelele za injini, kwa hiyo msikilizaji alikuwa Mama, ameketi na ungo wa maharage.

"Imebadilika?"

"Imebadilika."

Akachomoa mwingine. Imebadilika. Alipogusa wa tatu, Mama akaacha kuchambua. "Ile ile."

"Basi huyu ndiye mgonjwa," Baba akasema.

Silinda inayofanya kazi ukiinyima moto, injini inalalamika. Iliyokufa hata ukiinyima hakuna tofauti. Baba akahamisha plagi, ugonjwa haukuhama. Akabadilisha waya, vilevile. Mwisho akafungua kofia ya distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi, akaipuliza vumbi na kuigeuzageuza juani. Ilikuwa na ufa, mstari mweusi mwembamba kama unywele.

Kofia mpya ingetoka Kigoma mjini, na haikuwezekana kufika kabla ya msafara. Maharage ya watu yalikwisha kupakiwa, na Baba alikuwa ametoa neno lake. Sasa kwetu Buha, kibuyu kikipata ufa hakitupwi, kinazibwa kwa nta ya nyuki. Baba akaomba nta. Mama akaiyeyusha kwenye kijiko juu ya mkaa, na ufa ukazibwa kama wa kibuyu. Tulipowasha, injini ilinguruma sawasawa kama cherehani. Tukapiga makofi. Mama hakupiga.

"Baba Leokadia, hiyo injini haipati joto ikitembea, nta ikayeyuka?"

"Inapata. Lakini na upepo utakuwepo, mama."

Asubuhi akaondoka. Pikapu ilipanda kilima kwa sauti laini mno, ikapotea upesi kuliko siku zote. Niliogopa.

Msafara ulirudi kesho yake alasiri. Tulisimama kando ya barabara, mimi na Mama na Mama Nepo. Likapita basi, yakapita malori, likapita gari la askari la nyuma. Utingo mmoja akatupigia kelele kwamba pikapu ya kijani imebaki porini. Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Watu wakaanza kutusogelea kimyakimya, kama wanavyofanya pakiwa na msiba.

Halafu, mbali sana, upande wa Kibondo: pa!

Kimya. Kisha tena, pa! pa!

Aliyeruka wa kwanza alikuwa Mama Nepo, yuleyule. "Ni yeye! Ego, ndiyo, ni yeye! Mama Leokadia, simama, mumeo huyo!"

Baba akaja, injini ikivuta kwa silinda tatu tu, uso wake mwekundu kwa vumbi. Nta iliyeyuka wakati wa kwenda, na Kibondo, kwa kuwa ni mji wa asali, akaomba nta nyingine akaziba tena! Ikayeyuka tena, katikati ya pori. "Imelia hivyo njia nzima," akasema. "Labda majambazi wamedhani ni bunduki za askari." Alijaribu kucheka, akashindwa.

Leo barabara ya Kibondo ni lami, na msafara umebaki kuwa hadithi. Mwanangu Fredi anaipita kwa gari lake kila wiki. Dashibodi ikiwasha taa ya njano, yeye hata boneti hafungui. Anaipiga picha na kunitumia, kana kwamba mimi ndiye fundi. "Mama, siku hizi kuna nini cha kuogopa?" ananiuliza. Ana haki. Ila gari lake halina sauti. Hupita barabarani kama paka, na najua kwamba amefika pale tu mlango unapobamizwa.

Akichelewa, nazima redio, natoka hadi getini, nageukia barabara ya Kibondo. Nasikiliza, nikitamani gari lilie pa, na najua halitalia.