Kitufe Kilichomuua Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi nilishachoka kujificha, maana hata anayeniuzia chapati pale Busia huuliza siku hizi leo nimeua nani.

Redio moja ndogo ya mjini ilinipa kazi ya kuiandikia programu ya kompyuta ya studio: kila aina ya tangazo na kitufe chake, salamu, harusi, mtu aliyepotea, tanzia, na kila lugha vitufe vyake, Kisamia, Kidhopadhola, Kiateso, Kiswahili. Vitufe tele, vyote sura moja. Mwenye akili angeandika maagizo mara moja, vitufe vyote vikayatumia, lakini mimi (mvivu wa kuzaliwa, mama yangu kule Tororo ni shahidi) nilitengeneza cha tanzia kwanza, kisha nikawa nakopi, napesti, nabadilisha jina la juu na mlio wa ndani, nakopi, napesti, mpaka vidole vikawa vinakwenda bila mimi.

Siku ya kuijaribu hewani nikaona nijipendekeze. Jumamosi ile nilikuwa niende Masinya kutambulishwa kwao Nekesa, mchumba wangu, na baba yake, Mzee Mangeni, alikuwa bado hajaridhika na mkwe ambaye kazi yake haionekani shambani. Nikamwomba mtangazaji, dada Akoth, amtumie salamu. Akabonyeza kitufe cha salamu za Kisamia, ikalia ngoma ya tanzia: mlio wa hicho nilisahau kuubadilisha.

"Mzee Mangeni wa Masinya..." akaanza kusoma (na huku kwetu ngoma hiyo ikilia na jina likafuata, nani anasubiri sentensi iishe?). Nikaruka nikabonyeza cha kuzima, kumbe nacho nilikipesti hivyohivyo, ngoma ikalia tena, Akoth kwa kuchanganyikiwa akaweka wimbo wa dini, ule wa polepole, na hapo mzee akawa amekufa kabisa.

Nekesa akapiga simu. "Wewe! Umefanyia baba nini? Watu wanaingia na kuni za matanga!"

Nilipanda boda nikijua sina mke tena. Nikakuta boma limejaa, kuku wamefungwa miguu, akina mama wanapika, na marehemu ameketi katikati anakunywa chai.

"Wewe ndio naua mimi kwa redio?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Keti. Ona ule mzee nakula. Ule ni ndugu yangu ya Lumino. Sisi hapana salimiana tangu maneno ya mpaka ya shamba. Leo nakuja nalia mpaka naanguka kwa mlango, mimi mwenyewe nainua yeye." Akafuta macho, akanisogezea sahani. "Kula. Jumamosi leta wazee wako."

Namshukuru mzee yule hadi leo. Angenifukuza kwa fimbo na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alinilisha chakula cha msiba wake mwenyewe na binti akanipa. Vile vitufe nilivifuta vyote nikaandika upya, maagizo mahali pamoja, na kukopi nimekoma, nimekoma kabisa.

Na kesho yake baada ya msiba ule, mzee alikuja studio mwenyewe kusahihisha tangazo. Akavuta kipaza sauti, akakohoa.

"Mimi Mangeni ya Masinya. Niko. Wenye nakuja kulia, asante sana. Wenye hapana kuja, mimi naona nyinyi."