Namba Moja, Kompyuta Mbili

Mama yangu alizikwa kwetu, mashariki ya Kongo, mimi nikiwa ng'ambo ya mpaka, mtaani Katwe, nagombana na kompyuta. Vita vilikuwa vimefunga njia, singeweza kwenda. Na mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu mzazi hafunikwi udongo kabla mtoto wake wa kwanza hajasema, "Mama, nimekuachilia, nenda salama." Asiposema, mtoto anabaki amemshika mama asiende. Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Mdogo wangu wa kiume aliahidi kuninyooshea simu yake pale kaburini ili niseme mwenyewe, watu wote wasikie. Minara ya simu kule ilikuwa imekufa, wanategemea mtandao wa parokia, nao unafika hadi makaburini. Nilijaribu kupitia simu za majirani. Wapi! Picha inaganda, sauti inakatika. Ikabaki kompyuta ya kibanda changu, ninayochapia watu barua zao, maana hiyo inatumia waya.

Majirani walikuja kukaa kilio pamoja nami. Katwe si mahali pa kunyamaza, nyundo zinagonga chuma tangu asubuhi, lakini siku ile fundi wa mageti wa mlango wa pili alinyamazisha karakana yake yote. Akawaruhusu wafanyakazi wake, akabana kufuli, akaja kuketi kwenye benchi langu, kofia mkononi. Nilimpenda sana kwa hilo.

Nikaiwasha tena kompyuta, niliyokuwa nimeizima asubuhi. Mtandao hakuna.

Sisi wa mstari ule tunagawana laini moja. Mwenye laini amempa kila mtu namba yake, unaiandika kwa mkono kwenye mipangilio ya kompyuta, na ukiweka namba ambayo yeye hakuigawa, hupiti. Nikafungua mipangilio. Namba yangu ipo. Nikaifuta, nikaiandika upya. Hakuna. Nikachomoa waya, nikaurudisha. Hakuna. Nikazima, nikawasha, nikaitukana mashine matusi ambayo mama angenizaba kofi kwa kuyasema. Nikampigia mwenye laini, hapatikani. Saa hiyo kule walikuwa wanatoka kanisani na jeneza.

"Nnyabo, bambi, tulia," fundi akaniambia, ndivyo Waganda wanavyombembeleza mwanamke.

"Nitulie wapi? Mama yangu anaingia shimoni!"

Ndipo kidirisha kikatokea kwenye kioo: namba hii inatumiwa na kompyuta nyingine. Nikapiga yowe. "Nani? Nani amechukua namba yangu? Mungu wangu, na leo! Si angengoja hata kesho?"

Watu wakatazamana. Fundi akasimama polepole.

"Labda ni mimi," akasema. "Kompyuta yangu imetoka kutengenezwa, walifuta kila kitu. Nikaja hapa, nikaona ya kwako inafanya kazi vizuri, nikaandika namba zote vilevile."

"Lini?"

"Asubuhi. Ulikuwa unalia kule ndani. Sikutaka kukusumbua."

Lo! Umkasirikie vipi mtu kama huyo? Lakini nilikasirika, tena sana. "Kaizime!" Akapapasa mifuko, mfuko huu, mfuko ule. Ufunguo aliusahau ndani, mezani, kando ya hiyo hiyo kompyuta. Kwa haraka ya kuja kunipa pole.

Akatoka mbio, akaazima nyundo. Nikaisikia inagonga chuma, pigo juu ya pigo, mtu anavunja kufuli la mlango wake mwenyewe. Mimi nimekaa mbele ya kioo, nasema kwa sauti, "Msimfunike. Nawaomba, msimfunike." Sijui nilikuwa namwambia nani.

Mtandao ukarudi. Nikapiga. Mdogo wangu akapokea papo hapo, uso umelowa mvua. Nyuma yake wanawake wanaimba, na nyuma yao tuta la udongo mwekundu, maua tayari yako juu.

Kabla sijafungua mdomo, akasogeza simu karibu na midomo yake. "Yaya," akaninong'oneza, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mvua ilikuja, shimo likaanza kujaa maji. Wazee walikataa kumfunika bila neno lako. Nikawaambia umenipigia, umeshasema. Tafadhali usiseme sasa. Watasikia."

Kisha akainua simu ili watu wanione. Wakanipungia mikono. Shangazi yangu akasogea, mtandio wake unachuruzika maji. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Mama amekwenda salama." Nikaitikia kwa kichwa. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza.

Fundi akarudi anahema, nyundo bado mkononi, vidole vinavuja damu.

"Nnyabo, umewahi?"

"Nimewahi, ssebo."

Benchi zima likamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikasema amina.