Pumba Zilizokataa Kufika Mstarini

Dorika wa Katindiuka alikuwa na ulimi ambao ukikupitia asubuhi, mpaka jioni bado unatafuta pa kujifunga bandeji. Jogoo wake aliwika mara moja tu, kisha akachungulia mlangoni kuona kama amemuudhi mtu. Wanaomjua wanasema nusu ya ulimi ule aliugawia wanakijiji wote, nusu nyingine akamtunzia mtu mmoja: Kelestini, mdogo wake marehemu mumewe.

Walikuwa wanagombea gari. Fulgensi, mume wa Dorika, alipofariki aliacha landrova ya dizeli yenye kazi mbili. Barabarani ilibeba watu na magunia mpaka Mlimba. Nyumbani ilisimamishwa uani, mkanda mpana ukafungwa nyuma yake, nayo ikazungusha mashine ya kukoboa mpunga. Siku ya kukoboa nyumba yote ilitetemeka, na kuku walitaga mayai yaliyokwisha kukorogwa.

Matanga yalipoanuliwa, Kelestini alidai gari ni la ukoo. Dorika akamwambia ukoo wenyewe haujui hata gari linanyweshwa wapi. Mzee Valentino, mkubwa wa ukoo, aliwasikiliza mpaka kahawa ikapoa, akakata shauri.

"Wiki hii ya Dorika, akoboe. Wiki ijayo ya Kelestini, asafirishe. Gari litalala kwa Dorika, na oili atabadilisha yeye. Lakini nisikieni vizuri. Injini ikifia mikononi mwa mtu, huyo ndiye atakayeitengeneza. Akishindwa, gari lote ni la mwenzake."

Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anaiombea injini mauti, ila ifie upande wa pili.

Sasa, oili. Dorika hakusoma, lakini Fulgensi alimwachia mambo mawili. La kwanza: injini hii ni ya dizeli, inasimama juani kutwa ikikoboa bila upepo wa kuipoza, basi inataka oili ya dizeli, nzito, namba arobaini. Siyo ile nyepesi ya magari ya petroli, na siyo ile iliyokwisha kutumika, ikachemshwa na kuchujwa kwa kitambaa, ikauzwa tena kwenye kopo linalong'aa. La pili: usiifuate mita ya kilomita. Gari likikoboa, magurudumu hayaendi popote na mita inalala usingizi, lakini injini inachoka kuliko iliyokwenda Mlimba na kurudi. Kwa hiyo Fulgensi alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko, pale pumba zilipomwagwa. Lundo likifika mstarini, mwaga oili, tia mpya. Kisha choma pumba, anza lundo jingine.

Kelestini alicheka kila alipouona ule mstari.

"Shemeji, mwenye kiwanda gari lake kalipa akili, kaliwekea mita. Wewe unasoma pumba!"

"Mita yako inajua kuhesabu barabara tu. Kwani wewe ukisimama shambani kutwa na jembe hukutembea, huli?"

"Kilomita bado sana. Oili ni nzima hiyo."

"Nzima kama kichwa chako."

Siku moja alimletea kopo la oili ya bei chee, akasema ni sadaka. Dorika akatia kidole, akasugua, akanusa. Ilikuwa nyepesi kama mkojo wa mbuzi mwenye homa. Akaimwaga kwenye nguzo za banda ili iue mchwa, na mchwa wakaila, wakanenepa.

Ukaja ule mwaka baada ya mvua za elinino. Mpunga ulikubali bondeni mpaka watu wakalala nje wakiwapisha magunia ndani. Waliokuja kukoboa kwa Dorika walipanga foleni iliyoanzia uani, na wa mwisho, wanasema, alikuwa bado yuko Ifakara mjini anauliza njia. Gari lilinguruma wiki yake yote. Na wiki ya Kelestini lilibeba mizigo mpaka likapinda mgongo.

Lakini lundo la pumba halikupanda.

Dorika alimwaga pumba Jumatatu mpaka Jumamosi, lundo likafika kiunoni. Jumapili jioni anatazama, liko magotini. Kwanza aliwashuku kuku, akawafungia siku nzima wakamtukana kwa lugha yao. Akaushuku upepo. Akawashuku mchwa wale wanene. Mwisho akaamini ardhi ya Katindiuka imefunua kinywa, akanyunyiza maji ya baraka kuzunguka jiko. Wiki zikapita, mstari wa mkaa ukabaki juu, mkavu, na oili ikabaki ndani. Fulgensi alisema mstarini, na Dorika hakuwa mtu wa kumsahihisha marehemu.

Aliyemfumbua macho ni Masalu, jirani Msukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuja Jumatatu moja asubuhi na magunia yake, akamkuta Dorika anamalizia viporo vya wiki yake iliyokwisha, akasalimia, akasikiliza injini kidogo.

"Mama, chombo chako kinakohoa."

"Kohoa wewe. Oili yake haijafika siku."

"Haya. Nikuulize basi, zile pumba za leo nizifuate Jumapili kama kawaida, au shemeji yako tanuri lake limeshiba?"

Dorika akaweka chini ungo.

"Tanuri gani?"

"La kuchomea matofali. Si kila Jumapili mkiwa misa anakuja nami hapa tunazoa? Alisema mmekubaliana." Masalu aliuona uso wa Dorika, akarudi hatua nyuma, na ng'ombe wake wakarudi pia bila kuambiwa. "Kumbe hamkukubaliana."

Dorika alizima injini. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka cheusi, kinavutika kama ulimbo, kinanuka nyama iliyoungua. Alikifuta kwa pindo la kitenge, na pindo lile, nawaambieni, halijawa jeupe mpaka leo. Ni pale alipoelewa. Kelestini hakuiba pumba tu. Alikuwa ameiba siku za oili, moja baada ya nyingine, huku yeye Dorika amepiga magoti kanisani anamwombea mabaya.

Nyuma ya mlango lilikuwepo galoni jipya la namba arobaini. Alikuwa amelishika mkononi wakati Kelestini alipoingia uani akipiga miluzi. Wiki yake ilikuwa inaanza siku hiyo.

"Ufunguo, Mama Pumba. Leo nasomba matofali yangu kwenda mjini. Nina mteja."

Dorika alilitazama galoni. Akamtazama Kelestini, tumbo mbele, kofia kisogoni. Ilikuwa imebaki kazi ya muda mfupi tu: kumwaga oili ile, kutia hii, na kumwacha aende. Badala yake alilirudisha galoni nyuma ya mlango polepole. Alimjua mtu huyu. Ukimwambia mto umejaa, atauvuka akusute.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alimsemesha kwa upole.

"Shemeji yangu, nakuomba. Masalu huyu ananisikia. Usiiwashe leo. Oili imekufa, injini itashika ife palepale. Ningoje niibadilishe kwanza."

Kelestini akaduwaa. Miaka yote hakuwahi kusikia neno "nakuomba" kutoka kinywani humo. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Masalu, umemsikia? Leo jua limechomoza wapi? Anaona matofali yangu, roho inamuuma, sasa ananiletea huruma! Kilomita bado, mwanamke wewe. Leta ufunguo."

"Nimekuomba, shemeji."

"Leta!"

Akampa. Masalu alimtazama Dorika, Dorika akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.

Kelestini alipakia matofali mpaka springi zikalalia upande wa pili. Alifika karibu na daraja la Lumemo. Hapo injini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mgeni mwenye haraka. Yeye akakanyaga mafuta ili aifikishe mjini. Ikapiga kelele moja, wanasema waliokuwa Mahenge waliisikia wakajua kuna msiba, kisha ikashika, kimya. Fundi aliyeifungua alikuta ndani tope jeusi la kupandia mihogo.

Ukoo ukakaa kwa Mzee Valentino.

"Oili ni kazi yake!" Kelestini alifoka. "Mlimpa yeye! Kaiacha mpaka imekuwa lami!"

"Shikamoo, Mzee," Dorika alianza, kwanza kwa adabu. "Mimi nabadilisha oili pumba zikifika mstarini. Mnaujua mstari wa Fulgensi. Muulizeni huyu pumba zimekwenda wapi."

Masalu akaitwa, akasema yote. Zile Jumapili, tanuri, na lile ombi la asubuhi.

"Alikuomba usiiwashe?" Mzee Valentino aliuliza.

"Aliniomba kwa hila! Huyu mwanamke toka lini anaomba? Angenitukana kama siku zote, ningemsikiliza!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alimgeukia Dorika.

"Na wewe, oili mpya ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Mzee. Nilimwambia anisubiri."

"Ungeuficha ufunguo."

"Wiki ni yake. Nyie ndio mliogawa."

Mzee Valentino akapumua kama mtu aliyebebeshwa gunia lililonyeshewa mvua. "Imefia mikononi mwako, Kelestini. Itengeneze."

Kelestini aliuza matofali yote, hata lililokuwa linazuia mlango wake, na bado hayakutosha. Gari likabaki kwa Dorika. Yeye naye ilimbidi auze mpunga wa mwaka mzima kumalizia injini. Msimu ule alikula ugali mkavu na ushindi, na ushindi, jamani, hauna mchuzi. Injini iliporudi alichora mstari mpya wa mkaa, chini zaidi ya ule wa Fulgensi, na akaanza kwenda misa ya kwanza ili awahi kurudi kulilinda lundo.

Kelestini naye akahamia misa ya kwanza, asije akasingiziwa pumba. Jumapili moja padri akasema watu wapeane amani, na hao wawili wakajikuta benchi moja. Waumini wakaacha hata kukohoa.

Dorika akatoa mkono. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo, maana asubuhi ile alikuwa amemwaga oili.

"Amani, shemeji. Lundo limefika mstarini."

Kelestini aliutazama ule mkono, akatia mikono yake miwili mifukoni.