Ramani Aliyoirahisisha Mwaija

Mwaija Mhina alikuwa na daftari aliloliita la kukwama. Katika ofisi yao ndogo ya Korogwe, iliyokuwa ikivisaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi, wenzake waliandika walichofanikisha. Yeye aliandika mahali watu waliposhindwa. Alikaa nyuma ya mjumbe wa kamati ya ardhi, akanyamaza, akautazama mkono ulioshika kipanya. Mkono ukisimama, aliandika. "Mnyuzi, saa nne na robo. Mama ameona vitufe vingi, ametoa mkono, ameufuta kwenye khanga." Hakumsaidia mtu mpaka aombwe, maana aliamini kwamba ukimwahi hutajua alikuwa anataka kwenda wapi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita na elimu ya kidato cha nne, na kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kutunza kumbukumbu. Mambo ya ramani aliyaingia kwa mlango wa nyuma. Programu ya kuchorea ramani waliyokuwa wakiitumia ilikuwa huria, inagawiwa bure kwa yeyote duniani, lakini bure hiyo ilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote: uwe na intaneti ya kuvuta faili zito, ujue Kiingereza, na usiogope vitufe zaidi ya mia. Kijiji kilinunua bando, kikaacha kompyuta ikivuta kutwa nzima, jioni wakakuta bando limekwisha na faili limefika nusu. Waliofanikiwa kuiweka waliifungua mara moja, wakaitazama, wakaifunga, wakarudi kuchora kwa kalamu ya risasi.

Fundi wa kompyuta pale ofisini alikuwa Enock, mtu wa milimani Lushoto, miaka thelathini na kidogo, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Miaka miwili walifanya kazi pamoja, daftari upande huu, kompyuta upande ule. Mwaija alisoma mstari, Enock akabadilisha kitu. Vitufe vikapungua hadi vikabaki tisa. Menyu ikageuzwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kamusi. Mwaija alikataa kila neno ambalo mjumbe wa kijiji angelazimika kuuliza maana yake. Mwishowe kila kitu kikaingia kwenye flashi moja: unaichomeka, unabofya mara mbili, unakwenda kunywa chai, ukirudi programu iko tayari bila intaneti hata kidogo. Katikati ya kioo kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa Fungua Kijiji.

"Dada Mwaija, ungekuwa daktari wewe," Enock alimtania siku moja, "wagonjwa wangekufa ukiwa unaandika wanavyokohoa."

"Na wewe ungewapa dawa kabla hawajasema wanaumwa wapi," akamjibu bila kuinua macho. "Mstari wa kumi na mbili. Rangi ya malisho inafanana na ya mashamba."

Alimpenda kama mdogo wake. Mke wa Enock alipojifungua, Mwaija ndiye aliyepeleka uji wa pilipili manga siku tisa mfululizo.

Kwao Mwaija ni Kwedimlola, ndani kabisa Handeni. Mwaka ule kamati ya ardhi ya kijiji ilikuwa inataka kugawa bonde la kusini liwe malisho na mashamba mapya. Ndani ya bonde hilo mna msitu mdogo wa ukoo wa mama yake, walimozikwa wazee saba wa zamani, na ambamo mvua ikichelewa watu wa ukoo huingia na unga na maji kuwataja. Haukuwa umeandikwa popote. Aliyejua kila kaburi lilipo ni Mzee Semboja, kaka wa mama yake, na ujuzi huo hauendi kwa watoto wake wa kuwazaa, kwa kuwa wao ni wa ukoo wa mama yao. Huenda kwa mtoto wa dada.

Mzee alifikiri wiki nzima, kisha akamwita Mwaija. Usipoandikwa, msitu utalimwa. Ukiandikwa, utajulikana. Waliafikiana kwamba mipaka yake ichorwe kwenye kompyuta ya kijiji peke yake, iwe tabaka lake lenyewe la ramani, ambalo mwenyekiti wa kamati atalifungua tu siku ya kugawa ardhi ili jembe lisiingie. Na kwa kuwa kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka, akaomba na makaburi yawekwe kila moja na jina lake.

Waliingia wawili, asubuhi. Mzee alisimama kwenye kila kaburi, akataja jina kwa sauti ya chini, akasubiri kifaa cha GPS kilie.

"Kimeshika?"

"Kimeshika, mjomba."

Kwenye kaburi la tano alikaa kidogo. Huyu alikuwa mhunzi, alisema, na alizikwa na bangili zake za shaba na nyundo yake. Mwaija akaandika vilevile alivyoambiwa, kama alivyozoea kuandika kila kitu. Walipotoka, mzee alikitazama kile kifaa mkononi mwake.

"Na hiki kinamwambia nani?"

"Hakimwambii mtu, mjomba. Mpaka mimi nikiambie."

Miezi mitatu baadaye kompyuta ya Kwedimlola ikagoma kuwaka. Mwaija aliibeba mwenyewe mapajani hadi Korogwe, akampa Enock. Ikatengenezwa kwa siku moja. Siku hizo walikuwa wamekwama kwenye jambo la mwisho. Daftari lilikuwa limeonyesha kwamba watu wakianza kujifunza kwa ramani tupu wanaogopa, lakini wakianza na iliyojaa wanauliza maswali. Kwa hiyo flashi ilihitaji kijiji cha kujifunzia. Mwaija alikuwa anachora kijiji ambacho hakipo, na mambo yake alitaka yawe sawasawa: mto ushuke kutoka juu kwenda chini, njia ya ng'ombe isipite kwenye kisima. Wiki ya tatu alikuwa bado kwenye mto.

"Dada, unachimba mto kwa kalamu," Enock alisema. Kisha akageuza kompyuta ya Kwedimlola, ramani ikiwa wazi. "Hii hapa imekamilika. Ina kila kitu. Kwa nini tuhangaike na kijiji cha uongo?"

"Hapana. Hiyo ni ya watu."

"Watu gani? Ni mfano tu."

"Enock. Ile ramani irudi kama ilivyokuja. Usibaki na nakala, hata ya jina la mto."

Akacheka, akainua mikono miwili juu kama aliyekamatwa. "Nimekusikia, dada."

Akaamini. Hakuona sababu ya kutoamini. Akairudisha kompyuta Handeni, akakaa huko siku kumi kumuuguza shangazi yake. Enock alimpigia simu mara mbili kumjulisha kwamba mafunzo yataanza mapema kuliko ilivyopangwa, kwamba mkuu wao anataka flashi zianze kutoka, na kwamba asiwe na wasiwasi, kila kitu kimekaa vizuri.

Mafunzo yalikuwa Mazinde, kwenye ukumbi wa ofisi ya kijiji, katikati ya mashamba ya mkonge. Mwaija alifika siku ya pili. Kompyuta sita zilikuwa mezani, watu watatu watatu kwenye kila moja, na ukumbi ulikuwa na kelele nzuri za watu wanaoelewa. Kwa dakika nzima alisimama mlangoni akifurahi. Mikono ilikuwa haisimami.

Loyce, katibu wa kamati ya pale, akamwona akamwita kwa mkono. "Dada Mwaija, kumbe ndiye wewe! Jina lako tumeliona. Njoo uone tulivyo wajanja."

Akabofya kile kitufe cha kijani. Kwanza likatokea jina, kwa herufi kubwa: Imeandaliwa na Mwaija Mhina. Enock aliliweka hapo kama zawadi, na hakuwa amemwambia. Kisha kijiji kikafunguka. Mwaija aliutambua mto kabla ya kuusoma. Alikuwa ameuvuka kwa miguu tangu mtoto. Kusini mwa mto kulikuwa na doa la kijani iliyokolea, na ndani yake nukta saba.

"Hapa ndipo patamu," Loyce alisema. Akabofya nukta ya tano, kisanduku kikafunguka, akasoma kwa sauti ili wenzake wasikie. "Kaburi la mhunzi. Alizikwa na bangili zake za shaba na nyundo yake." Akamgeukia. "Kwenu mna mambo, dada."

Mzee mmoja wa meza ya pili akasema kwamba kwenye makaburi ya aina hiyo ndiko Wajerumani walikoficha mali zao, na watu wakacheka.

Mwaija alitoka ukumbini. Alimsubiri Enock nje, upande wa tangi la maji. Alipotoka alikuwa anatabasamu, kisha akaiona sura yake, tabasamu likakatika.

"Nilikuambia nini?"

"Dada, wewe ulikuwa hujamaliza. Wiki ya nne, bado mto. Ningewaonyesha nini hawa?"

"Nilikuambia nini, Enock?"

"Ulisema nisibaki na nakala." Akatazama chini. "Nilishaichukua kabla hujasema. Nikaona nisikuudhi."

Ndiyo kusema pale alipoinua mikono akicheka, nakala ilikuwa tayari imo kwenye mashine yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Akamuuliza flashi ngapi zimetoka. Kumi na moja, alisema. Mashewa, Mnyuzi, na nyingine Handeni kwenyewe. Na aliiweka mtandaoni pia, ili wa mbali wajichukulie. "Si ndivyo tulivyotaka? Iwe rahisi?"

Mwaija alizifuata flashi zote kumi na moja, kijiji kwa kijiji, akaomba zirudishwe. Walizirudisha kwa roho safi, kisha wakamwambia asijali, wameshanakili. Mashewa walikuwa wamewapa watu wa madhehebu yao wanaopanda miti. Mnyuzi mwalimu wa sekondari amewagawia wanafunzi. Kila mmoja alimsifu jinsi kunakili kulivyo kwepesi. Hata aliyekuwa hajawahi kushika kompyuta aliweza. Yeye ndiye aliyeandika maelezo hayo. Hatua nne, kila hatua mstari mmoja.

Wiki ya tano tangu mafunzo, Maryamu, jirani ya mama yake, akapiga simu kutoka Kwedimlola. Watu watatu walikuja kwa pikipiki, hawajulikani, wana simu yenye ramani. Hawakumuuliza mtu njia. Waliokwenda kutafuta kuni kesho yake walikuta mashimo manne msituni, na kaburi la tano limefumuliwa lote, udongo umemwagwa pembeni pamoja na vilivyokuwamo visivyo na faida kwao.

Akaenda siku hiyohiyo. Mzee Semboja alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Hakuongeza mpwa wangu, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwaija akakaa chini kwenye jamvi, akaeleza yote tangu kompyuta ilipogoma. Alieleza kwa mpangilio, tarehe na saa. Alieleza alivyokataza, na jinsi mwenzake alivyoitikia huku ameshachukua. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Mwaija alipomaliza akangoja aulizwe habari za Enock, yeye ni nani, anatoka wapi, anafaa kufanywa nini.

"Mimi sikumwonyesha Enock," mzee alisema. "Nilikuonyesha wewe."

Akanyanyuka polepole, akaingia ndani.

Ofisini Enock alimwomba radhi mara tatu, ya mwisho mbele ya mkuu wao, machozi yakimlenga. Alisema angeondoa ile ramani mtandaoni, na kweli aliiondoa. Mwaija alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa. Alimaliza kile kijiji chake cha kuchora, mto na njia za ng'ombe, kwa kuwa vijiji vingine bado vilikuwa vinasubiri na havikuwa na kosa. Akaomba jambo moja tu, jina lake litolewe. Tangu hapo alimpa Enock karatasi ya marekebisho juu ya meza, hakumsomea tena.

Mwezi wa kumi ukoo ulikutana Kwedimlola kuwafukia tena wazee na kuwaomba samahani. Mwaija alikwenda amefunga khanga nyeusi kama wenzake. Msafara ukatoka alfajiri, wanawake na wanaume, unga kwenye ungo, maji kwenye mtungi. Walipofika pale njia inapogawanyika, ambapo watu wa ukoo huendelea na waliooa au kuolewa ndani ya ukoo husimama, Mzee Semboja aligeuka. Alikuwa amemshika mkono Hamisa, binti wa dada yake mdogo, mwalimu wa chekechea, mwenye miaka ishirini na saba.

"Wewe tungojee hapa," akamwambia Mwaija. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni pa kukaa.

Wakaingia. Mwaija akabaki njiani na wakwe na mashemeji, watu kumi na wawili hivi, ambao miaka yote alikuwa akiwapita pale akiwaacha. Walijisogeza wakampa nafasi kwenye gogo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baada ya muda ikasikika sauti ya mzee ikitaja jina la kwanza, na baada yake sauti ya Hamisa ikilirudia, kwa kusitasita, kama mtu anayejifunza.

Mwaija aliyajua yote saba. Alifunga mdomo wake mpaka wakamaliza.