Siku Mama Alipoulizwa Mihimili ya Dola

Juzi nilipopita ofisi ya uhamiaji mjini Bariadi, nilimwona mwanamke akitikisa mguu huku akinong'ona, "Serikali, Bunge, Mahakama." Nikamkumbuka mama yangu, mzaliwa wa Burundi aliyeolewa kijijini kwetu Dutwa, alipokuwa akiomba uraia.

Baba alimfundisha maneno hayo chumbani, kando ya rundo la pamba lililonuka vumbi na jua. Mimi nilidhani dola ni zile fedha za Wazungu, na kwamba mama akikosea angepandishwa basi arudishwe kwao.

Mchana wa usaili nilikaa kwenye benchi nje ya mlango uliokuwa wazi, nikitafuna ukosi wa gauni langu. Afisa aliuliza mihimili ya dola ni ipi. Nilisikia feni tu ikilalama. Sikuweza kutulia, niliingia nikashika kitenge chake.

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, "twende nyumbani."

"Huyu ni nani?" afisa aliuliza.

"Binti yangu," mama alisema. Akaniwekea mkono kichwani, kisha akaitaja yote mitatu bila kusita.

Njiani nilimuuliza kama alikuwa amesahau.

"Sikusahau, mwanangu. Niliogopa watacheka ninavyotamka."

Uraia aliupata baada ya miaka kadhaa. Siku hizi akisikiliza redio huwagombeza wabunge kwa lafudhi yake ileile, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.