Moshi wa Siku Gani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Nilikuwa nimesimama juu ya meza katika hoteli ya chai ya Bwana Salumu, hapa hapa Bariadi, brashi mkononi, rangi imeniganda mpaka kwenye nyusi, nachora mji wetu ukutani. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, na mimi nilikuwa binti mchora mabango. Kazi ilikuwa tele. Kila mwenye chumba cha barabarani alikuwa anafungua duka, saluni au mashine ya kusaga, na kila mmoja alitaka jina lake liandikwe kubwa kuliko la jirani. Mji ulikuwa unabadilika mbio mbio na, nisikufiche, nilifurahi. Nilikuwa kijana, kelele zile zilinikolea.

Baba yangu hakufurahi. Alikuwa fundi wa injini katika kiwanda kikongwe cha kuchambua pamba, kile cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, pamba ikaanza kwenda kwingine, na kiwanda kikafungwa. Wenzake wengi walitawanyika. Yeye akagoma kuondoka mjini. Mama alikuwa kwetu Nkololo, mvua za kwanza zimeshanyesha, ng'ombe wa kulimia wamekaa tu, na kila aliyetoka huko alileta salamu zile zile: mwambieni baba aje, msimu unatupita. Baba alijibu kwamba kiwanda kinafanyiwa matengenezo, kitafunguliwa, na kikifunguliwa yeye asipoonekana watachukua fundi mwingine. Basi kila asubuhi alikuwa anaoga, anavaa ovaroli yake safi, anakuja kukaa kwa Salumu, mahali anapoliona geti la kiwanda.

Siku hiyo alikaa nyuma yangu akitazama ninavyochora. Nilichora barabara, msikiti, kanisa, mapaa ya bati, na kiwanda chenyewe na bomba lake refu la moshi. Nikashuka mezani. Baba akaniambia, taratibu, mbele za watu, "Mwanangu, weka moshi."

Wazee wachache waliokuwa wamefanya naye kazi, wanakunywa chai, wakadakia: weka, weka, kiwanda bila moshi kina maana gani. Nilishikwa na uchungu, tena uchungu wa hasira. Nikiuweka, nimemtia moyo kwamba kiwanda kitawaka, nimemfunga pale msimu mwingine mzima, na mama analima peke yake kwa jembe la mkono. Nikikataa, nimemwaibisha mzazi wangu mbele ya marafiki zake. Nikasingizia kwamba rangi ya kijivu imekwisha.

Mimi na baba tuliishi kwa shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke mfupi wa maneno machache na yote makali. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia kesho namweleza baba ukweli, kiwanda kimekufa, basi.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema bila kuinua uso, "unadhani hajui? Injini ile kaishika kwa mikono yake tangu hujazaliwa, leo wewe wa brashi ndiye umwambie imekufa?"

"Sasa nifanyeje, shangazi? Nimchoree uongo?"

"Usimpe na usimnyime. Muulize anataka moshi wa siku gani. Halafu unyamaze. Hapo pa kunyamaza ndipo patakapokushinda, nakujua."

Niliona ni maneno ya kizee tu. Huenda hata wewe sasa hivi unayaona yangu hivyo hivyo, usijali, sijakasirika. Lakini kesho yake, baba alipouliza kama rangi imepatikana, nilimjibu, "Imepatikana, baba. Nichore moshi wa siku gani?"

Akacheka. "Moshi ni moshi." Kisha akaacha kucheka. Akasema labda wa katikati ya msimu, malori yamepanga foleni, pamba ya Nkololo, pamba ya Shishiyu, watu weupe kwa vumbi la pamba mpaka kwenye kope. Akasita. Nilitaka kumsaidia maneno, nikauma ulimi.

"Wa siku ile ya mwisho," akasema. "Wakubwa waliniambia nizime injini. Nikaipaka mafuta kwanza, kila mahali, kama vile kesho tutawasha. Ndipo nikazima. Moshi ukaendelea kutoka kidogo, mwembamba. Nilisimama uwanjani nikautazama mpaka ukaisha. Sikumwambia mtu. Nilifika nyumbani nikasema ni matengenezo."

Baba yangu akalia, mwanangu. Mtu mzima, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi, na sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile. Wenzake waliinamia vikombe vyao. Bwana Salumu akazima redio.

Alipojifuta uso, aliugeukia ukuta. "Acha bomba hivyo hivyo," akasema. Kisha, kwa ile sauti yake ya kila siku ya kukosoa, "Na hawa wa mitumba wanaotupigia kelele hapo nje, mbona hujawachora? Au wao hawaishi hapa?"

Nikawachora, na meza zao, na nguo zao zilizotundikwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananielekeza nani anakaa wapi.

Haikupita wiki, nikamsindikiza stendi kupanda gari la Nkololo. Alipokwisha kukaa, akatoa kichwa dirishani. "Wakinitafuta kiwandani," akasema, "waambie nimeenda kulima."

Sasa wewe, mwanangu usiye wa tumbo langu, unayeuchora mji huu leo na kuupiga picha kwa simu yako, nakupa nilichopewa. Mtu akikuomba umpambie jambo lililokwisha, usimkimbilie na rangi, wala usimpige na ukweli usoni. Muulize. Mara nyingi ukweli anao tayari, amekosa tu wa kumsikiliza akiusema. Nyamaza mpaka amalize, hata kama moyo unakuenda mbio. Mji utabadilika tena, utauona wewe kuliko mimi, na watu wako watapoteza kazi waliyoizoea na mtaa waliouzoea. Kaa nao.

Mungu akupe ile subira ambayo mimi niliazima kwa shangazi yangu. Akulindie macho na mikono, na wazazi wako waishi wauone mji utakaouchora.